Mrowani Bustanini: Mwongozo Kamili wa Kuupanda na Kuutunza

Wengi wetu tuliohamia nchi za baridi tumeshauona mrowani bila kujua jina lake. Ni ule mti mwembamba wa kando ya barabara ambao mwezi wa Mei hujaa maua meupe, na ifikapo mwisho wa Agosti hubeba vishada vya matunda mekundu yasiyofika sentimita moja, mpaka matawi yanainama. Jani lake utalitambua mara moja ukikumbuka mwarobaini: vijani vyembamba vyenye kingo za meno, vimepangwa jozi jozi kwenye kikonyo kimoja, na kimoja kinamalizia ncha.

Jina lake la kisayansi ni Sorbus aucuparia. Kitaluni Uingereza kibao kitaandikwa rowan au mountain ash, Uswidi rönn, Norwe rogn, Ufini pihlaja, Ujerumani Eberesche. Ukoo wake ni ule wa waridi, tufaha na peasi. Ukoo huo una watu wake hata milimani kwetu Afrika Mashariki, kama Prunus africana, mti ambao Wakikuyu huuita muiri.

Mwongozo huu ni kwa mwenye bustani Uingereza, nchi za Skandinavia, Ujerumani, Kanada au majimbo ya kaskazini ya Marekani. Nimeona mirowani mingi ikifa, na karibu yote iliuawa na moja kati ya mambo mawili: maji yaliyotuama kwenye mizizi, au kiu ya kiangazi cha kwanza na cha pili. Magonjwa huja nyuma sana. Kwa hiyo nitakaa muda mrefu kwenye udongo, upandaji na maji, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyostahili.

Pale unapokubali na pale unapokataa

Mrowani unahitaji majira ya baridi ya kweli. Majani yakishapukutika, macho ya matawi hulala, na hayaamki vizuri mpaka yapitiwe na wiki nyingi za baridi. Ndiyo maana si mti wa Dar es Salaam, Mombasa wala Muscat, na ndugu aliyeko Texas naye asihangaike nao, kwa kuwa joto kali la kiangazi huudhoofisha mpaka wadudu wanaotoboa shina wanamalizia kazi. Ila kwa baridi, hauna mpinzani. Katika milima ya Uskoti huota hadi karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko karibu kila mti mwingine wa nchi ile, mara nyingi ukiwa umejishikiza kwenye ufa wa jiwe.

Kama unawaza kupeleka mbegu nyumbani ujaribu Lushoto au Limuru, usizitie tu kwenye sanduku la safari. Kuingiza mbegu kunahitaji kibali kutoka mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, na sababu ni nzito: mrowani unaweza kubeba ugonjwa wa bakteria unaoangamiza mitufaha na mipea.

Pima udongo kabla hujanunua mti

Mti huu unapenda udongo mwepesi, wenye unyevu lakini usiotuamisha maji, na wenye asidi kidogo. Mfinyanzi mzito unaojaa maji wakati wa baridi huozesha mizizi yake. Udongo wa chokaa, tena ule mwembamba ulio juu ya mwamba mweupe kama sehemu za kusini mwa Uingereza, huufanya uwe na majani ya njano na maisha mafupi.

Vipimo viwili vinatosha, na vyote ni vya nyumbani. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi pale unapokusudia kupanda, ulijaze maji, uyaache yazame, kisha ulijaze tena. Mara ya pili ndiyo ya kuangalia. Yakizama ndani ya saa chache, mahali pale panafaa. Ukikuta bado yapo kesho yake asubuhi, tafuta sehemu nyingine, au inua tuta pana la udongo la kimo cha sentimita 30 upande juu yake. Usijidanganye kwa kuweka kokoto chini ya shimo. Maji yatakusanyika kwenye kokoto hizo hizo.

Kipimo cha pili: chukua kiganja cha udongo mkavu, umwagie siki. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Hapo nakushauri uuache mrowani, upande ndugu yake Sorbus aria, mwenye majani ya mviringo yaliyo meupe upande wa chini, kwa sababu yeye chokaa ndiyo kwao.

Jua la kutwa huleta matunda mengi zaidi, ingawa kivuli cha nusu siku hauukatai. Upepo nao unauvumilia vizuri. Umbali kutoka ukuta wa nyumba uwe kama mita 7 kwa mrowani wa kawaida, ambao ukikua hufika mita 8 hadi 15. Aina ndogo zinaweza kusogea karibu zaidi. Angalia nyaya za umeme zilizo juu na mabomba yaliyo chini. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, kwa maana mti huu ukipata mahali pake huweza kupita miaka 100, na mkataba wako wa nyumba hautafika huko.

Kuchagua aina

Kwa bustani ya kawaida yenye nafasi, Sorbus aucuparia yenyewe inatosha. Ni bei nafuu na ngumu, na ndege wanaipenda kuliko zote. Mahali ni pembamba? Tafuta Sheerwater Seedling au Fastigiata, ambazo matawi yake hupanda juu badala ya kutanda.

Mwenye nia ya kula matunda anunue Edulis. Aina hii iligunduliwa karibu mwaka 1810 huko Ostružná, katika milima ya Moravia ambayo leo iko Ucheki, na matunda yake ni makubwa zaidi na hayana ule uchungu mkali. Urusi nako kuna mirowani mitamu ya asili ya kijiji cha Nevezhino, mkoa wa Vladimir, na Ivan Michurin, mzalishaji wa mimea wa Urusi, alizalisha machotara kadhaa kwa kuuchanganya mrowani na jamaa zake. Ukiwa Ufini au nchi za Baltiki, machotara hayo hupatikana kwenye vitalu kwa urahisi kuliko Uingereza.

Kwa bustani ndogo ya mjini, mimi ningechagua Sorbus vilmorinii bila kusita. Ni mti wa asili ya Uchina, hauzidi sana mita 5, majani yake ni laini kama ya jimbi, na matunda huanza na wekundu mzito, yakageuka waridi, kisha yakakaribia weupe. Sorbus cashmiriana kutoka Himalaya nayo ni ndogo, na matunda yake meupe hubaki mtini baada ya majani kuanguka. Joseph Rock, yenye matunda ya njano, ni nzuri mno kwa macho, lakini hushikwa haraka na ule ugonjwa wa bakteria nitakaoueleza mbele. Jirani akiwa na mipea mingi, iache.

Walioko Amerika Kaskazini wana sababu ya kufikiri tofauti. Mrowani wa Ulaya umetoroka bustanini na kuingia misituni katika sehemu kadhaa za bara lile, Alaska ikiwemo, kwa sababu ndege hubeba mbegu zake mbali. Upande wa mashariki kuna mti wa kienyeji, Sorbus americana, na mwingine wa kaskazini zaidi, Sorbus decora, ambao una matunda makubwa na mazuri. Panda hiyo. Matunzo ni yale yale.

Mche wa mizizi mitupu au wa chungu?

Vitalu vya Ulaya huuza miche kwa namna mbili. Kuna iliyong'olewa shambani ikiwa imelala, mizizi ikiwa mitupu bila udongo, na kuna iliyokuzwa kwenye vyungu. Ya mizizi mitupu huuzwa kati ya Novemba na Machi tu, ni nafuu sana, na kwa maoni yangu ndiyo bora: unaiona mizizi kwa macho yako, na mche mdogo wa kimo cha mita moja hushika ardhi haraka kuliko mti mkubwa uliolipia fedha nyingi. Mara nyingi baada ya miaka michache mdogo humpita mkubwa.

Ukinunua wa chungu, utoe kidogo uangalie mizizi kabla ya kulipa. Ikiwa imejizungusha na kukaza ukutani mwa chungu, uache hapo hapo dukani. Angalia pia shina. Gome liwe zima, bila vidonda wala sehemu zilizozama, na kilele kiwe kimoja.

Siku ya kupanda

Uingereza na nchi nyingine zenye baridi ya wastani, panda kati ya Novemba na Machi, siku ambayo ardhi haijaganda wala haijajaa maji. Skandinavia ya ndani, Kanada na Minnesota, subiri barafu iyeyuke na udongo uanze kushikika, kabla macho hayajafunguka. Mapema ya Septemba nako kunawezekana kwa miche ya chungu.

Loweka mizizi mitupu kwenye ndoo ya maji kwa muda wa saa moja au mbili wakati unachimba. Usiiache juani wala upepo hata dakika chache. Mizizi midogo inayonyonya maji hufa kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Shimo liwe pana, lisiwe refu. Upana wake uwe mara mbili hadi tatu ya mizizi ilivyotanda, na kina kiwe sawasawa na kimo cha mizizi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, lichimbe la mraba na ukwaruze kuta zake kwa uma wa bustani, maana ukuta laini wa duara huifanya mizizi izunguke humo humo. Sakafu ya shimo usiilegeze sana, vinginevyo mti utazama baadaye.

Hapa wengi hutaka kutia samadi na mboji ndani ya shimo, kama tulivyofundishwa kupanda migomba. Kwa mrowani, acha. Rudisha udongo ule ule uliotoka. Shimo lililojazwa chakula kitamu huifanya mizizi ikatae kutoka nje yake, na mboji ikioza hunywea, mti ukashuka chini ya usawa wa ardhi.

Sasa kina, na naomba usome hapa polepole. Chini ya shina kuna mahali ambapo linapanuka na mizizi ya kwanza inaanza. Mahali hapo panatakiwa paonekane juu ya ardhi baada ya kumaliza. Laza mpini wa sepeto juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo, usimamishe mche kando yake, ulinganishe. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya mzizi wa mti mwingine, una kivimbe juu kidogo ya mizizi. Nacho kibaki hewani. Mti uliofukiwa kina hata sentimita 10 tu unaweza kuishi miaka kadhaa ukidumaa, huku mwenyewe akitafuta ugonjwa ambao haupo.

Kabla ya kurudisha udongo, pigilia kigingi cha kuuegemeza upande upepo unakotoka, kwa uangalifu usichome mizizi. Kiwe kifupi, kiishie kama sentimita 60 juu ya ardhi, au theluthi ya kimo cha mti. Sehemu ya juu ya shina inatakiwa icheze na upepo, kwa sababu kucheza huko ndiko kunakoliwezesha kunenepa. Funga kwa mkanda laini wa mpira wenye nafasi katikati. Waya na kamba ya nailoni hukata gome. Mche wenye kimo chini ya mita moja na nusu, mara nyingi hauhitaji kigingi kabisa.

Tandaza mizizi, rudisha udongo kidogo kidogo, tikisa mche ili udongo uingie katikati ya mizizi, kisha ukanyage kwa kisigino bila kutumia nguvu zote. Mwagilia ndoo mbili, hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa maji ndiyo yanayoshindilia udongo kwenye mizizi.

Maliza kwa matandazo: vipande vya mbao, majani yaliyooza au mboji, unene wa sentimita 5 hadi 8, kwenye duara la mita moja. Acha sentimita 10 tupu kuzunguka shina. Nimeona Uingereza watu wakirundika matandazo mpaka yanapanda shina. Gome likikaa na unyevu namna hiyo huoza. Na kama sungura au paa hupita kwenye bustani yako, vika shina kinga siku hiyo hiyo. Sungura mmoja, usiku mmoja wa theluji, anaweza kulimenya gome pande zote, na mti hauponi.

Kiangazi cha kwanza na cha pili

Mizizi ya mrowani hukaa karibu na uso wa ardhi. Mti mzima huitumia vizuri, lakini mche hauna akiba. Wiki isiyo na mvua ya maana kati ya Aprili na Septemba, upe lita 20 hadi 30 kwa mkupuo mmoja. Vikombe viwili kila jioni havisaidii kitu. Huloanisha juu tu na kuifundisha mizizi ibaki juu. Ukiwa na shaka, sukuma kidole chini ya matandazo mpaka kiishe: kukiwa na ubaridi na unyevu, ngoja.

Kiu ina dalili zake. Kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, au mti mzima huanza kugeuka mwekundu mwezi wa Julai wakati wenzake wangali kijani. Watu hufurahia rangi ile, kumbe mti unaomba maji.

Nyasi ni adui mwingine wa kimya. Zinakunywa maji kabla hayajafika kwenye mizizi ya mche, na mashine ya kukatia nyasi hujeruhi shina. Lile duara la mita moja lilinde lisiote kitu kwa miaka mitatu, na ongeza matandazo kila Machi. Mbolea ya chumvichumvi hauhitaji. Naitrojeni nyingi huleta machipukizi laini yanayopendwa na vidukari na bakteria.

Kigingi king'oe baada ya mwaka mmoja, isizidi miwili. Kila majira ya machipuko legeza mkanda. Na kwa mliopo kwenye baridi kali, Kanada au kaskazini mwa Uswidi, vikeni mashina machanga kitambaa au karatasi nyeupe kuanzia Novemba hadi Aprili: jua la mwisho wa majira ya baridi hulipasha gome moto mchana, usiku likaganda, likapasuka upande wa kusini magharibi.

Kupogoa: kidogo, na kwa sababu

Mrowani hujijengea umbo lenyewe. Kinachohitajika ni kuondoa matawi makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana. Jambo moja la kulishughulikia mapema ni vilele viwili vinavyoshindana: chagua kilichonyooka, kingine kikate kikiwa bado chembamba kama kidole, kwa sababu panda hiyo ikinenepa hupasuka kwa upepo au kwa uzito wa theluji. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kile kivimbe cha kubebeshwa, lichomoe mara tu ulionapo.

Uingereza hupogoa mti ukiwa umelala, mwisho wa majira ya baridi. Uswidi na Norwe wengi hufuata miezi ya Julai, Agosti na Septemba, wakati vidonda hufunga upesi na mti hautoi machipukizi mengi ya hasira. Njia zote mbili zinafaa. Fuata ile ya mahali ulipo, na chagua siku kavu. Kata nje kidogo ya pale tawi linapovimba kuungana na shina, usiache kisiki na usilisawazishe na shina. Kidonda usikipake rangi wala lami. Tawi zito lipunguzwe kwanza, lisije likachana gome likianguka. Kilele cha mti usikikate kamwe ili "kuupunguza". Ukihitaji mti mfupi, panda aina fupi.

Uskoti ya zamani watu waliupanda mrowani karibu na mlango kuwazuia wachawi, na kuukata kulihesabiwa kuwa mkosi. Hata leo utakuta mzee wa Highlands asiyekubali kuugusa kwa msumeno. Nami naona mti umefaidika na imani hiyo.

Magonjwa na wadudu

Ugonjwa wa kuogopa ni mmoja, ule wa bakteria Erwinia amylovora. Maua na ncha za matawi hunyauka ghafla, majani yanakuwa ya kahawia iliyokolea kana kwamba yamebabuliwa na moto, na hayaanguki. Ulianza kuonekana Amerika Kaskazini katika karne ya 18, na Uingereza ulifika mwaka 1957. Dawa ya kuuponya haipo. Kata tawi sentimita 30 chini ya mwisho wa dalili, au 60 kama tawi ni nene, safisha msumeno kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya kukata, na choma ulichokata. Ukifika kwenye shina, mti uondoke. Norwe, ukiushuku tu, unatakiwa utoe taarifa kwa mamlaka ya Mattilsynet.

Vidonda vya gome vinavyozama na kupasuka kwa duara ni kazi ya kuvu, na mara nyingi huonyesha kwamba mizizi imekaa majini. Kata sehemu iliyoathirika, kisha shughulikia maji. Vipele vya kijani au kahawia juu ya majani huletwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Havina madhara makubwa, na dawa si lazima. Madoa ya rangi ya chungwa ni kutu, kuvu inayohamia baina ya mrowani na mreteni. Nayo iache ipite. Viwavi wa nyigu fulani huweza kula majani ya tawi zima mwezi wa Juni. Kwenye mti mchanga waokote kwa mkono.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha nondo mdogo aitwaye Argyresthia conjugella. Makao yake halisi ni matunda ya mrowani. Lakini mrowani hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja matawi yanaelemewa, mwaka unaofuata matunda ni ya kuhesabu. Mwaka wa uhaba, nondo waliozaliwa kwa wingi mwaka wa neema hukosa pa kutaga, na huhamia kwenye matufaha. Kwa hiyo ukiwa na mitufaha Norwe, Uswidi au Ufini, angalia mirowani ya jirani mwezi wa Juni. Ikiwa mwaka jana ilijaa na mwaka huu haina maua, jiandae kufunika mtufaha wako kwa wavu mwembamba, kwani tufaha lililotobolewa na viwavi hao hujaa vijia vya kahawia na haliliki.

Matunda na ndege

Bustani yenye mrowani haikosi wageni. Kuanzia Agosti ndege weusi wa bustani na kwezi huanza kuvuna, na baadaye hufika makundi ya ndege wa kaskazini. Bombycilla garrulus, mwenye kishungi kichwani, huvuka bahari kutoka Skandinavia hadi Uingereza kwa wingi katika miaka ambayo mirowani ya kwao haikuzaa, na kundi moja laweza kumaliza mti kwa siku chache. Wenye bustani wengi hushuhudia kwamba matunda mekundu huliwa kwanza, na meupe na ya waridi hubaki mwisho. Anayetaka rangi mpaka Desemba azingatie hilo wakati wa kuchagua aina.

Kuotesha kwa mbegu

Njia hii ni ya mwenye subira, kwani mti wa mbegu unaweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Chuma matunda yaliyoiva, yaponde ndani ya maji, ondoa nyama yote kwa sababu inazuia mbegu kuota, na chagua mbegu zilizozama. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, tia kwenye chungu chenye matundu, funika kwa wavu wa chuma dhidi ya panya, na ukiache nje upande wa kivuli kipindi chote cha baridi. Asiye na nafasi ya nje anaweza kutumia friji, kwenye nyuzi 3 au 4, kwa miezi minne hivi.

Kuanzia Machi zikague. Zikianza kupasuka, zipande kina cha sentimita moja na uziweke mahali pa baridi. Joto la ndani ya nyumba linaweza kuzirudisha usingizini. Zisizoota usizitupe, maana nyingi hungoja mwaka wa pili. Jua pia kwamba mbegu za Edulis hazitakupa Edulis, hiyo ni ya kubebeshwa. Vilmorinii na cashmiriana ni kinyume chake: hutoa mbegu bila yai kurutubishwa, na watoto hufanana na mama.

Jeli ya rowani

Waswidi wana msemo kwamba mbweha, aliposhindwa kuzifikia rowani, yaani matunda ya mrowani, alisema ni chachu. Sungura wetu wa "sizitaki mbichi hizi" angemwelewa, ingawa mbweha kwa kweli hakukosea. Rowani mbichi ina asidi ya parasorbiki, inayochafua tumbo. Watoto waambiwe wasile kutoka mtini. Moto huigeuza kuwa asidi ya sorbiki isiyo na madhara, ambayo mkemia August Wilhelm von Hofmann aliitoa kwenye rowani mwaka 1859, na ambayo leo, ikitengenezwa viwandani, huhifadhi vyakula dukani kwa alama E200.

Chuma matunda mwishoni mwa Agosti au Septemba, kabla ya ndege, na uyagandishe kwenye friza usiku mzima ili uchungu upungue. Chukua kilo moja ya rowani bila vikonyo na kilo moja ya matufaha machachu yaliyokatwa na maganda yake, Bramley yakipatikana. Tia maji yafunike, chemsha taratibu kwa dakika 20 hadi 30 mpaka yalainike, bila kuponda mbegu. Mimina kwenye kitambaa safi kilichoning'inizwa juu ya bakuli na uache yachuruzike usiku kucha. Usikamue, jeli itakuwa na ukungu.

Pima maji uliyopata. Kwa kila mililita 600 weka gramu 450 za sukari, koroga kwa moto mdogo mpaka iyeyuke, kisha chemsha kwa nguvu hadi nyuzi 105. Asiye na kipimajoto adondoshee kidogo kwenye sahani iliyotoka kwenye friza. Ikijikunja unapoisukuma kwa kidole, imeiva. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa na ufunge.

Uskoti huila na nyama ya paa. Mimi naila na mbuzi wa kuchoma, kijiko kimoja pembeni ya kachumbari, kwa sababu ule uchachu wenye uchungu kwa mbali unakata mafuta vizuri kuliko ndimu. Chupa isiyofunguliwa hukaa mwaka mzima mahali penye giza na ubaridi. Ikishafunguliwa ihamie kwenye friji, na iishe ndani ya wiki chache.